Kokoto la Mama Kanga

Hata mwaka mito ilipokauka, ndege walichagua mkuu kwa kokoto: kila mmoja alibeba lake mdomoni, akaliangusha mbele ya amtakaye. Mbuni aliahidi kuchimba kisima na kuwafukuza Firigogo wawili, ndege wa nyika kavu, madume wapendanao wa kiota kimoja. Njiwa aliahidi kutomfukuza yeyote.

"Mama Kanga, na majirani zako Firigogo je?" Njiwa alimsihi.

"Wanangu wana kiu, bwana. Maji kwanza!"

Akaokota kokoto la kumpa Mbuni, akapitia nyumbani. Lo! Firigogo wale wamerudi kutoka ziwa la mbali, manyoya ya vifua yamelowa chepechepe, na vifaranga wake wanayanyonya!

Kanga akaachama. Kokoto likaanguka. Akaliinamia kitambo, kama asujuduye, kisha akampelekea Njiwa.

Mbuni analingoja mpaka leo.