Lita ya Mwantumu

Wakubwa wanaotutawala wametugawia ujazo wa injini: lita moja kwa kila mtu mzima. Mke na mume wanaunganisha lita zao. Mmoja akifa, Wakubwa wanachukua lita yake.

Mke wangu Mwantumu alifia mlimani, ndani ya gari la wagonjwa ambalo wao wenyewe walilifungia injini ndogo, likashindwa kupanda. Sasa binti yetu Semeni ni mjamzito, nami nataka gari langu la mashindano lipanuliwe silinda, lifike lita mbili, limpandishe mlima siku ya uchungu.

“Mzee, hiyo ya pili si ya marehemu?” aliuliza fundi Kihiyo.

“Kwao hajafa. Sijawaambia.”

Kila asubuhi kisanduku chao cha ukutani humwita Mwantumu, na Semeni huitikia kwa sauti ya mama yake. Wanaridhika.

Jana nilimwita Semeni aje aone pistoni mpya. Kimya. Nilipoita Mwantumu, binti yangu akajibu kutoka jikoni, “Abee, nakuja.”