Jina la Mtunzaji

Asubuhi hiyo Hamdu, fundi wa mtandao wa ofisi ya maji, aliketi mbele ya kompyuta yake akiviuliza vifaa vya mtandao huo kimoja kimoja. Kila kifaa, popote kilipo, hujibu jina lake, mahali pake na mtu anayekitunza.

Cha mapokezi kilijibu. Cha chumba cha pampu nacho kikajibu: “Mtunzaji: Nyamizi.”

Uso wa Hamdu ukawaka kwa aibu. Nyamizi alikuwa amefukuzwa kazi juzi, ati hakuona onyo hadi pampu zikaungua. Lakini kifaa kilituma onyo mara arobaini, nalo halikumfikia. Hamdu ndiye aliyelizima, maana mlio wake ulimkera akinywa chai, kisha akasahau kuliwasha. Kwenye kikao cha kumfukuza Nyamizi, Hamdu aliangalia viatu vyake, hakukiri.

“Jina la yule dada umeshalifuta?” Bi Rukia, meneja, aliuliza kutoka mlangoni.

“Bado kidogo, mama.”

“Fanya hima. Weka la mtu mwaminifu.”

Hamdu akaandika jina lake, akatuma. Akakiuliza kifaa tena.

“Nyamizi,” kikajibu.

Akatuma mara ya pili, mara ya tatu. Kifaa kile kiliruhusu kuulizwa tu. Kukibadilisha kulitaka neno la siri la Nyamizi, na siku ile ya kumfukuza hakuna aliyekumbuka kumwomba neno hilo.

“Kwani kinasemaje?” Bi Rukia alivaa miwani, akasogea.

Hamdu alikifunika kioo kwa kiganja. Katikati ya vidole vyake, jina lilikuwa bado linasomeka.