Nani Mama Shantel?

"Mama Shantel!" nesi aliita, tukasimama wawili.

"Namtaka bibi ya yule aliyeangukiwa na magogo Elburgon," akafafanua.

Hakuna aliyekaa. Nesi akatutazama, akarudi wodini.

Usiku wote huo mimi na yule mwanamke tulikuwa tumejifunika shuka yangu moja, kila mmoja akimwombea bwanake. Kumbe tunaombea bwana mmoja!

"Shantel wako ana miaka mingapi?" nikamuuliza.

"Saba. Wako?"

"Tisa. Aliniambia jina alioteshwa na malaika."

"Mimi aliniambia ni la nyanya yake, wa Kuresoi."

"Nyanya wa Kuresoi aitwe Shantel? Na ukaamini?"

"Na wewe uliyeletewa na malaika?"

Hapo tukaelewa. Mjinga huyu alitaka jina moja tu la kutuita sote wawili, ndio hata akiropoka usingizini asijikwae. Hata kudanganya kwenyewe alifanya kivivu! Mtoto wa watu akavalishwa jina la mtumba, nami miaka yote naitika, naam baba, naam baba, kama kengele ya shule.

Tukacheka mpaka mlinzi akatunyamazisha. Mwenzangu akafungua mkebe, akatoa chapati aliyomletea mgonjwa, akaipasua katikati. Ilikuwa imepoa, lakini mafuta yakatubakia vidoleni.

Mlango ukafunguka. "Mama Shantel! Mzee ameamka, anakuita."

Tukaendelea kutafuna.

"Mama Shantel?"

"Huyo ameenda nyumbani," nikasema.