Leo Mama Yako Ni Mimi

« Rudia. Mama yako ni nani? »

« Maman Eulalie. »

« Hapana. Ile ilikuwa ya siku ingine. Leo mama yako ni mimi, Domitille. Rudia. »

Maombi hakurudia. Alikuwa na miaka minne tu, na beignet, ile andazi ya sukari aliyopewa ili akamate vizuri maneno hayo, alikuwa amekwisha kuimaliza.

Domitille aligeuka kuangalia mulango wa shule. Tangu asubuhi alikuwa akigeuka hivyo, kila dakika. Alimutoa Maombi ndani ya hema ya Eulalie wakati Eulalie alikuwa ameshuka kuchota maji. Alimufunika kitenge kichwani, akapita naye nyuma ya vyoo ili majirani wasiwaone.

Ilikuwa siku ya mwisho. Wakimbizi wa Kalehe waliokuwa wakilala kwenye shule hiyo ya Bukavu serikali ilikuwa imewapa viwanja na mabati ya kujengea, wengine Mudaka, wengine Kavumu. Kila mama anapanda kamioni na watoto walioandikwa kwenye karti yake, wale tu, na saa sita liste za majina zinafungwa. Domitille alikuwa wa Mudaka, yeye na Bienfait, mutoto muchanga aliyelala mugongoni. Maombi hakuwa kwenye karti yake. Ilibaki saa moja ya kumuingiza.

Nyuma yake kwenye mustari wa meza ya liste alisimama Anne-Marie, mwanamuke aliyefika wiki ile tu, lakini mudomo wake ulikuwa umekwisha kuzunguka hema zote.

« Maman Bienfait, ule mutoto wa hema ingine unamuleta huku wa nini? Mwenye mutoto mumoja na mwenye kumi, mabati ni ile ile. »

« Ninajua. »

« Unajua, na unatafuta matatizo ya bure. Jana waliondoa wanawake watatu kwenye liste juu ya watoto wa kuazima. Sasa hawana kiwanja, hawana hema. »

Anne-Marie alimuchungulia Maombi, akacheka polepole.

« Lakini ulichagua vizuri, dada. Hata masikio inafanana na ya Bienfait. »

Domitille alilamba kidole, akamufuta Maombi sukari kwenye shavu. Bangili yake nyekundu ya plastiki iliteleza mukononi.

Mustari ulisogea. Kwenye meza alikaa papa Adalbert, mutu wa ofisi, na tablette yake mbele.

« Karti, maman. »

« Hii hapa, papa. Ninaomba muniongezee mutoto. Ni wangu. Siku ya kuandikisha hakuandikwa pamoja na mimi. »

« Tangu asubuhi wote wananiimbia wimbo huo. Karatasi ya kuzaliwa iko wapi? »

« Iliungua na nyumba. »

Papa Adalbert alishusha pumzi, akainama karibu na mutoto.

« Usiogope. Unaitwa nani? »

« Maombi. »

« Na mama yako ni nani? »

Domitille alifunga macho. Maombi alimuangalia, akaangalia papa Adalbert, halafu akaweka mikono nyuma kama mutoto anayesema somo analolijua sana.

« Mama yangu ni Maman Eulalie. »

Wakati huohuo Eulalie aliingia mbio kwenye mulango, bidon ya maji ingali mukononi. Hakumuangalia Domitille machoni.

« Maombi, njoo. Kamioni ya Kavumu imekwisha kuwashwa. »

Mutoto alienda. Watu kwenye mustari walinung'unika, na Anne-Marie alirudi nyuma hatua moja, kama mutu asiyetaka kuonekana na mwizi.

Papa Adalbert hakukasirika. Alitafuta kwenye tablette, akaigeuza ili Domitille aone foto ya siku ya kuandikisha: Eulalie amesimama wima, Maombi pembeni yake.

« Foto haidanganyi, maman. Shukuru Mungu, leo niko na roho nzuri. Nitakuachia karti yako. Mutoto wa mwenzako umuache na mama yake. »

Domitille alitazama foto. Huko inje kamioni ilipiga honi. Kwenye kona ya foto kulionekana mukono wa mutu, wenye bangili nyekundu ya plastiki, ukimusukuma Maombi asogee karibu na Eulalie.

Eulalie hakuwa na mutoto wa kuonyesha siku ile ya kuandikisha, na asiye na mutoto hakupewa karti. Domitille alimuonea huruma, hakujua kwamba Eulalie hatamurudisha. Aliinama kwa mutoto wake wa kwanza, akamutia beignet mukononi, akamunong'oneza: « Ni ya leo tu, mwanangu. Wakikuuliza, useme Maman Eulalie ndiye alikuzaa. »