Kijiji Kisicho na Ng'ombe

Kyumbuni hakukuwa na maji. Mto ulikuwa mchanga mtupu, kisima cha kanisa kilitoa tope, na wanawake walitembea na punda maili sita upande wa Emali kutafuta madebe mawili matatu. Mutindi, binti ya Nzioka, alikuwa ameacha shule darasa la sita ili amsaidie mama yake kuchota. Nzioka alikuwa amemwahidi: maji yakifika, unarudi.

Kwa hivyo naibu wa chifu alipotangaza kwamba lokesheni nzima itapata kisima kimoja chenye mashine ya kuvuta maji, na kwamba ofisa wa mipango atapita kijiji kwa kijiji kupima maendeleo kabla ya kuamua, Nzioka aliitisha mkutano siku hiyo hiyo.

"Mnakumbuka mahindi ya njano?" aliuliza.

Nani angesahau? Katika njaa ya themanini na nne, mwenye hata ng'ombe mmoja aliambiwa aende akamuuze ale. Asiye na kitu alibeba gunia la msaada.

"Huyu ofisa anahesabu mali, halafu anaigawanya kwa watu," Nzioka akasema. "Kijiji kinachoshika mkia ndicho kinachosaidiwa. Sasa sisi na ng'ombe wetu mia mbili na zaidi, tutashika mkia namna gani?"

"Unataka tuwachinje?" aliuliza mzee Musembi.

"Nataka tuwatembeze."

Jumapili hiyo mifugo yote ya Kyumbuni ilivuka kilima kwenda Kwa Mulei, alikoishi Kivuva, shemeji ya Nzioka. Kulikuwa na nyumba kumi na mbili tu huko, lakini nyasi zilikuwepo, na dimbwi lao la kunyweshea mifugo lilikuwa bado halijakauka. Mchungaji Jonah alifupisha mahubiri. Yeye mwenyewe alikuwa na ng'ombe tisa wa kuswaga.

"Shemeji, mimi nimeokoka," Kivuva alisema akiwatazama wanavyozidi kuteremka. "Uongo siwezi."

"Nani amekuomba uongo? Lisha tu."

Nyumbani, redio zilitiwa maghalani na baiskeli zikafunikwa mabua. Kalondu, mke wa Nzioka, alimtazama mumewe akizika jembe la kukokotwa na ng'ombe.

"Na hilo tumbo lako, Baba Mutindi, utalizika wapi?"

Ofisa alifika Jumanne. Alikuwa kijana mpole wa Kilungu, jina lake Kilonzo, na alikaa kwenye kigoda bila kukipangusa. Nzioka alimjibu kwa niaba ya kijiji kizima.

"Ng'ombe?"

"Hakuna."

"Mbuzi?"

"Hakuna. Kuku tunaye mmoja, naye ni mgonjwa."

Kilonzo aliangalia mavi mabichi mlangoni mwa boma.

"Ya wapita njia," Nzioka akasema haraka. "Wamasai."

Ofisa akaandika. Akauliza watu wako wangapi, watoto wangapi wako shuleni, mabati ni mangapi. Alipofunga daftari alitikisa kichwa. "Pole sana, mzee. Lokesheni nzima sijaona kijiji kilicho hivi."

Nzioka nusura amkumbatie. "Andika hivyo hivyo," alisema. "Usipunguze neno."

Jioni hiyo alimwambia Mutindi atafute sare yake. Kalondu aliishusha pindo, maana msichana alikuwa amerefuka, akaitundika ukutani.

Mashine ilikuja Novemba, imefungwa kwenye lori. Wanawake walipiga vigelegele. Mchungaji Jonah alitoka na Biblia mkononi, tayari kubariki. Lori lilipita kanisa, likapita shule, likabadili gia na kuanza kupanda kilima.

"Limekosea njia!" Nzioka alipiga kelele. Alirukia baiskeli akalifuata mpaka Kwa Mulei, shati likimganda mgongoni. Alimkuta Kilonzo akionyesha mafundi pa kusimika mashine.

"Bwana ofisa, kijiji chenye shida ni chetu! Uliona kwa macho yako!"

"Niliona, mzee, na sijawasahau. Nimewaombea mahindi. Magunia kumi yatafika kabla ya Krismasi."

"Mahindi tutayapika kwa maji gani? Sisi tunataka kisima!"

Kilonzo alimshika bega. "Nisikilize, baba. Hii mashine inakunywa dizeli. Kila mwenye ng'ombe atatoa kitu kidogo kwa kila kichwa, pesa hiyo ndiyo itakayonunua dizeli. Kwenu ingezimika mwezi wa kwanza. Tunapeleka mahali watu wameshaanza kujiinua. Nilitoka kwenu Jumanne, Jumatano nikahesabu hapa mwenyewe, bila kumsumbua mtu kwa maswali. Nilishangaa. Huu umbali mdogo hivi, na maendeleo yamepishana namna hii!"

Akafungua daftari ili mzee asidhani amependelewa mtu.

Kwa Mulei: nyumba kumi na mbili, ng'ombe mia mbili na kumi na wanane.

Wa Kwa Mulei walikuwa kumi na wanne. Mia mbili na wanne walikuwa wa Kyumbuni, na kati ya hao, kumi na mmoja walikuwa wa Nzioka.