Ngumi Iliyozikwa

Mkono wa kulia wa Eliasi ulikatwa hospitali, ukazikwa kaburi moja na maiti asiye na ndugu. Lakini bado aliuhisi, umekunja ngumi, kucha zikimchoma kiganja usiku na mchana.

Asubuhi ile, uani kwao Kariakoo, mkewe alikuwa akimnyoa ndevu. Alipompaka sabuni shavuni, Eliasi akashtuka.

"Mama watoto, umenigusa kidole gumba cha mkono ule uliozikwa."

"Nimegusa shavu, mume wangu. Tulia nisije nikakuchinja."

"Endelea hapo hapo."

Akampapasa shavu taratibu. Ngumi ikaanza kufunguka, kidole kimoja kimoja, na Eliasi akafumba macho kwa raha.

"Haya, sasa niachie mkono, vidole vyako vina baridi," akasema.

Mkewe alikwisha kumwachia zamani. Alikuwa kule kwenye ndoo, anasuuza wembe.