Sungura Mwenye Mafua

"Shemeji, mbona sungura wako leo ana mafua?" Verlyn alininong'oneza, tumeketi kwenye theluji.

Nikapuliza tena filimbi ya bati ya kuvutia mawindo, ikalia kama sungura aliyejeruhiwa. Yule koyote, mbwa-mwitu mdogo anayetumalizia ndama, akajitokeza kichakani, hatua arobaini mbele yetu, akinusanusa kwa hadhari.

Lakini hakututazama sisi. Alitazama nyuma ya mgongo wangu, akafyata mkia, akatimua mbio.

Verlyn, bunduki begani, hakufyatua risasi. Naye alikuwa amegeuza macho kulekule.

"Puma," alisema polepole, macho kwa yule paka mkubwa wa milimani. "Usigeuke. Na usipulize tena, shem."

Filimbi ilikuwa imegandia midomo yangu kwa baridi, na matundu yote mawili ya pua yameziba. Nikabana pumzi mpaka kifua kikauma.

Mwishowe ikanitoka. Sungura akalia.